Tuko Chamazi, watoto wawili wadogo, elfu thelathini kwa mwezi: mnatoka kwenda wapi?

Fundi Majokofu

Wakuu, habari za Jumapili. Naanza na hesabu ili tusipotezeane muda. Tuko wanne: mimi, mama watoto, binti wa miaka mitano aliyeanza darasa la awali, na dume la mwaka mmoja na nusu ambalo kutembea halijui, linajua kukimbia tu. Tunaishi Chamazi, Dar, gari hatuna. Mimi natengeneza majokofu na viyoyozi, nikipigiwa simu naenda, kwa hiyo Jumamosi si yangu. Mwenzangu yuko kwenye duka la dawa, akirudi ni saa mbili usiku, miguu imevimba. Siku ambayo wote wanne tunaonana kwa mwanga wa jua ni Jumapili baada ya ibada.

Sasa Jumapili zetu: anafua, napika (ndiyo, napika mimi), tunakula, tunalala, binti anabaki na katuni. Juzi mama watoto akaniambia, "Baba, sisi siku hizi ni wapangaji wenza." Akacheka, ila lile neno limenikaa.

Tulitoka mara moja mwezi uliopita, tukaenda sehemu ya michezo ya watoto, jina nitalihifadhi. Kiingilio kidogo kweli. Ukishaingia, kila kitu kina bei yake: kuruka kwenye puto bei yake, katreni bei yake, maji ya chupa yamepanda kuliko ya mtaani, na chakula chako kinaishia getini. Binti alifurahi kidogo kisha akalia sana, kwa sababu aliviona vyote na akapata viwili. Tumerudi nyumbani kila mtu kanuna.

Tunaweza kutenga elfu thelathini. Kwa mwezi, si kwa wiki. Nyie wenye watoto wa umri huu na vipato vya kawaida, mnakwenda wapi? Na siku za kazi mnafanyaje ili nyumba isigeuke gesti? Tafadhali asitokee mtu wa kuniambia Serengeti.

Kapera Mstaafu

Serengeti.

Haya, natania. Sisi tulilelewa Tandika, matembezi yetu yalikuwa kutumwa mafuta ya kibatari na kurudi na chenji pungufu. Hatukufa. Lakini nakaa hapa nasoma, maana na mimi wa kwangu anatambaa.

Mama Watatu wa Kigamboni

Fundi, pole na hongera. Pole ya kuchoka, hongera ya kupika.

Mimi ni muuguzi, naingia zamu, nina watatu na mdogo ndiyo kwanza anaota magego. Nakuambia ninachofanya mimi, usichukue kama sheria.

Kwanza, mwenye ratiba ni huyo dume lako, si wewe. Mtoto wa mwaka na nusu ana saa nne nzuri kwa siku, kuanzia akiamka mpaka usingizi wa mchana. Ukizitumia hizo saa kwenye foleni ya Mbagala, umeshamaliza matembezi kabla hujafika. Familia nyingi zinatoka saa sita baada ya ibada, jua la utosi, mtoto ana njaa na usingizi, halafu wanasema "huyu mtoto hapendi kutembea". Kama kanisani kwenu kuna ibada ya kwanza, nendeni hiyo. Kama hakuna, Jumapili moja kwa mwezi ombeni mkiwa safarini, Mungu yuko na kwenye pantoni.

Naam, pantoni. Najua watu wa mjini mnaiona ni adha. Sisi tunaovuka kila siku tunainunia. Lakini mchukue mtoto wa miaka mitano ambaye hajawahi kuipanda umwangalie uso. Meli inafungua mdomo, magari yanaingia, pikipiki zinaingia, mkokoteni wa ndizi unaingia, mtu na kuku wake anaingia, halafu hilo dude lote linaondoka juu ya maji! Mtu mzima ni shilingi 200. Hakuna puto la kuruka linalotoa hayo kwa 200.

Na kwa ninyi wa Chamazi kuna njia ambayo watu wa Kimara hawana. Msiende mjini kwanza. Shukeni Rangi Tatu, pandeni gari za kupitia Kongowe kuja Kigamboni. Mnapita Kibada, mashamba bado yapo yapo, minazi, ng'ombe wa watu barabarani. Mnafika Feri upande wetu. Hapo mnavuka kwenda Magogoni, mnamaliza mambo yenu mjini, na kurudi mnapanda gari za Mbagala kutokea Posta. Yaani mnazunguka, hamrudi njia mliyoijia. Watoto hilo wanalipenda sana, sijui kwa nini, wangu wanaita "safari ya duara".

Hesabu: gari nne kwa siku nzima (Chamazi–Rangi Tatu, Rangi Tatu–Kigamboni, Posta–Mbagala, Mbagala–Chamazi). Weka elfu moja moja kwa kila mtu mzima kwa kila gari, ingawa nyingine ni pungufu. Elfu nane. Pantoni 400. Watoto mnapakata. Umetumia 8,400, kwenye thelathini yako bado 21,600 iko mfukoni.

Mkishuka Magogoni, msiingie soko la samaki na mtoto anayekimbia. Nimesema. Sakafu inateleza, watu wanapita na matenga kichwani wanapiga kelele "pisha pisha", na wana haki, wako kazini. Simameni pembeni muone mashua. Halafu nyooseni na barabara ya Kivukoni, bahari iko kushoto kwenu, boti za Unguja zinaonekana mbele. Nendeni hadi Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kwa mguu wa mtoto ni mwendo, lakini kuna miti. Ndani kuna magari ya zamani ya viongozi, likiwemo la Mwalimu. Binti yako ataambiwa habari za Zinjanthropus, lile fuvu aliloliona Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959. Wangu wa kati hakujali fuvu hata kidogo, alikaa mbele ya gari la rais akiuliza nani analiosha. Nikamwacha aulize. Usimvute mtoto "njoo uone na hiki, njoo uone na kile" kama mkaguzi wa mahesabu. Kitu kimoja kikimshika, kimemshika.

Jirani hapo kuna bustani ya mimea, ile ya miti mikubwa tangu enzi za Wajerumani, na tausi wanapita pita. Hapo ndipo mnapotandika.

Chakula ni cha kutoka nyumbani. Mimi nachukua chapati zilizokunjwa na mayai ndani, viazi vya kuchemsha, maembe yakiwa msimu, hotpoti moja tu, maji ya kutosha. Sichukui wali. Wali nje na mtoto mdogo ni kufagia bustani ya serikali. Kanga mbili: moja ya kukalia, moja ya kumfunika akilala. Nguo ya kubadili kila mtoto, na ya kwako Fundi, maana huyo wa mwaka na nusu akichafua anachafua wewe. Pampasi zaidi ya unavyodhani. Na chukueni mbeleko, achaneni na vigari vya kusukuma, njia zetu hazivijui.

Kitu kimoja kinunuliwe barabarani, mtoto achague mwenyewe. Koni, ubuyu, au mahindi ya kuchoma. Kimoja. Mwambieni kabla hamjatoka nyumbani, "Leo utachagua kimoja." Hapo kilio cha pale kwenye puto hakitokei, kwa sababu anajua mpaka. Wangu wa kwanza huwa anachukua muda wote wa safari kuamua, na kuamua kwenyewe ndio starehe yake.

Saa saba mko kwenye gari la kurudi, dume limelala mgongoni. Saa tisa mko nyumbani na Jumapili bado ipo. Mnalala wote. Nguo zitafuliwa Jumatatu, hazina miguu.

Kuhusu siku za kazi nitarudi, naingia zamu.

Nahodha wa Kunduchi

Vijana salaam. Mimi ni mzee wa boti, nimewabeba watu na watoto wao kwenda kisiwa cha Mbudya miaka mingi. Mama Watatu kasema vizuri, ila mkija upande wa pwani kuogelea nina neno moja, nalo ni maji.

Watu wanapanga kwenda ufukweni kwa kuangalia kalenda ya mshahara. Angalieni mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hayo ni bamvua. Siku hizo maji yanajaa sana alfajiri na alasiri, kama saa kumi hivi, na yanakupwa mbali kwenye saa nne asubuhi. Kila siku yanachelewa karibu dakika hamsini. Kwa hiyo baada ya wiki mambo yamegeuka, saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, lakini hayo ni maji mafu, hayapandi wala hayashuki kwa nguvu.

Mwenye mtoto mdogo faida yake ni ipi? Ukienda Coco au huku kwetu asubuhi ya bamvua, utakuta bahari imekimbia. Mtu wa mjini ananuna, anasema kaja bure. Mtoto ndiyo sikukuu yake hiyo! Vidimbwi vimebaki kwenye mawe, vina kaa, vina vijisamaki, vina konokono, maji ni ya kifundo cha mguu na yana joto. Anacheza saa mbili. Mvalisheni yeboyebo tu, kwenye mawe kuna wale wadudu wa miiba myeusi, wakichoma utapiga kelele wewe baba mtu. Na mwangalie maji yanaporudi, yanarudi kimya nyuma yako. Ikifika saa sita ondokeni mawe.

Anayetaka kuogelea mwenyewe ndiye asubiri maji kujaa. Siyo huyo wa mwaka na nusu.

Mbudya mje mkiwa na pesa kidogo zaidi, kuna boti na kuna ada ya hifadhi ya bahari, elfu thelathini kwa wanne itawabana. Mkija, ulizeni jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto kabla hamjalipa. Nahodha akikuambia "ni karibu tu hapo", shuka utafute mwingine. Na miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, mchana upepo unachafua bahari, rudini mapema.

Kingine, sikukuu. Iddi na Krismasi msije na watoto wadogo. Fukwe zote zinajaa, watoto wanapotea, wengine tunawatafuta majini. Mkilazimika, mwandikieni mtoto namba ya simu kwenye mkono kwa kalamu. Njooni siku ya pili, mchanga ni ule ule.

Fundi Majokofu

Shikamoo Nahodha. Hapa Chamazi sikuwahi kufikiri mwezi una habari na mimi. Mama Watatu, asante dada, mke wangu kasoma juu ya bega langu, akasema "safari ya duara" hiyo tunaifanya. Kauliza pia mbona yeye hajawahi kuambiwa kuna njia ya Kongowe, na mimi nimezaliwa Mbagala.

Swali jingine: binti ana ugonjwa wa treni. Anaichora kila mahali, mpaka kwenye daftari langu la wateja. Hii ya umeme inafaa kwa familia kama yetu, au ni ya watu wa semina za Dodoma?

Mluguru wa Kihonda

Inafaa, na msiende Dodoma, njooni kwetu Morogoro mrudi siku hiyo hiyo. Naishi karibu na stesheni, naona familia zinashuka kila wikiendi na mikeka yao.

Treni ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, na nauli ya kawaida iliwekwa 13,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa chini ya miaka minne halipi, ila hana kiti, mnampakata. Wa miaka minne hadi kumi na mbili analipa nusu. Kwa ninyi: watu wazima wawili kwenda na kurudi 52,000, binti 13,000 kwenda na kurudi, dume bure. 65,000. Ile elfu thelathini yako ukiirundika miezi mitatu una tisini, umebakiwa na 25,000 ya bajaji na chakula. Angalia nauli ya treni utakayopanda kabla ya kukata, kuna za haraka ambazo bei yake ni nyingine.

Mtafika Moro chini ya saa mbili. Msiwaze mandhari mpaka mvuke Ruvu. Baada ya Ngerengere mkalishe binti dirisha la kushoto, milima ya Uluguru inajitokeza taratibu hadi inajaa kioo chote. Mtoto wa Dar hajawahi kuona ardhi imesimama. Mwendo unaoneshwa kwenye kioo ndani ya behewa, ukifika 160 mabehewa yote yanapiga makofi, watu wazima ndio wa kwanza.

Fikeni stesheni mapema sana, kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege na mlango unafungwa kweli. Jengo lenyewe la pale Dar limechongwa kwa mfano wa tanzanaiti, binti atapata la kuchora.

Huku stesheni iko Kihonda, nje ya mji, mtahitaji bajaji au daladala. Msijitie kupanda mlima na mbeleko. Nendeni soko la Chifu Kingalu, nunueni matunda yaliyoshuka kutoka milimani, kisha tafuteni kivuli chini ya mlima mle mkiangalia juu. Inatosha.

Jembe la Ukonga

Naomba nipingane kidogo na wote. Mimi ni baba wa wawili. Matembezi haya ni ya wazazi, si ya watoto. Mtoto wa mwaka na nusu mpe beseni la maji na kikombe uani, anacheza mpaka jioni. Hatakumbuka pantoni wala treni. Hiyo 65,000 ni pesa ya mkaa. Kijana anajenga au anapanga? Kama anapanga, aweke tofali. Matembezi yatakuja.

Mama Watatu wa Kigamboni

Nimetoka zamu, nimekuta tofali.

Jembe kaka yangu, kwenye beseni nakuunga mkono. Beseni ni kitu kikubwa, nitalirudia. Lakini umesema matembezi ni ya wazazi kana kwamba hilo ni kosa. Ndiyo, ni ya wazazi! Fundi hakutuandikia kwamba dume lake limechoka na maisha. Aliandika kwamba mkewe kamwambia ni wapangaji wenza. Dume hatakumbuka pantoni, mama yake atakumbuka. Na mama aliyecheka Jumapili, Jumatatu anapopaka mtoto mafuta mkono wake unakuwa mwingine. Nafanya kazi wodi ya wazazi, naona wanawake wanaorudi kwa mtoto wa pili, wanaozungumza na waume zao na wasiozungumza. Tofali haliongei nao.

Na tofali waweke pia. Hakuna aliyesema wasiweke. Elfu thelathini kwa mwezi haijengi msingi.

Sasa siku za kazi, Fundi. Hapa ndipo penyewe, maana Jumapili ya kutoka ni moja na hizi nyingine ni rundo.

Kwenu mama anarudi saa mbili usiku. Wewe uko nyumbani kabla yake, sivyo? Basi jioni ni yako. Usimkabidhi watoto mlangoni kama mlinzi anayebadilishana zamu. Wakati jua linashuka, toka nao. Nenda nao gengeni kununua nyanya na kitunguu, binti abebe kikapu, dume likimbie. Mwanao wa miaka mitano anaweza kuhesabu chenji ya mia tano, mwachie alipe yeye, muuza genge atangoja. Njia ya dakika kumi mtaifanya nusu saa, mtaona mjusi, mtaona fundi wa pikipiki, mtaona jogoo. Ndiyo matembezi hayo, ila hayana picha.

Kwetu Jumatano ni siku ya kulia nje. Ilianza umeme ukikatika, joto ndani halikaliki, tukatandika mkeka uani na taa ya chaji. Umeme ulirudi, watoto wakagoma kuingia. Tangu hapo Jumatano, mvua ikiwa hainyeshi, tunakula nje. Chakula ni kile kile, ugali na dagaa, mchicha. Mume wangu, ambaye ndani ni mtu wa simu na taarifa ya habari, kwenye mkeka anageuka babu: "Paukwa!" Watoto: "Pakawa!" Hadithi zake zote fisi anakufa mwishoni kwa njia isiyoeleweka. Sungura wake ni dereva wa bodaboda. Hatuingilii.

Na beseni. Jumamosi ukiwa huna kazi, wape beseni, vikombe, chujio la chai, chupa tupu za maji zilizotobolewa. Binti mwoneshe kitu cha kazi yako, kwa nini jokofu linatoa joto nyuma wakati ndani ni baridi. Mwekee mkono nyuma ya jokofu la nyumbani. Wewe unaona ni kazi, yeye anaona baba yake ni mchawi.

Na mama watoto? Yeye matembezi yake ya katikati ya wiki ni kukuta amewekewa maji ya moto ya miguu na chumvi, na mtu aliyekaa karibu anamuuliza dukani leo nani alikuja kununua nini. Usimuulize "habari za kazi". Muulize ya watu. Watu wa duka la dawa wana visa, nawajua.

Kapera Mstaafu

Chujio la chai nimeliandika. Yule fisi anakufaje?

Mama Watatu wa Kigamboni

Mara ya mwisho alimeza betri.

Jembe la Ukonga

Mama Watatu, nimesoma mara mbili. Kwenye hilo la wazazi nimekuelewa, la gharama bado nabishana. Ila nina la kumwongezea Fundi na yeye, halina hata senti: sisi wa Ukonga tunakwenda kuangalia ndege. Jioni, nje ya uzio wa uwanja wa Julius Nyerere upande wa makazi, mahali ambapo watu wanapita kihalali, mnasimama tu. Zinashuka juu ya vichwa, watoto wanapiga yowe, na wa kwangu wanabishana ile imetoka Mwanza au Dubai. Karanga za mia tano. Tunarudi.

Fundi Majokofu

Nimekaa na mama watoto tukapanga. Mwezi huu safari ya duara. Mwezi ujao hatutoki mbali, tunaweka akiba ya treni, Jumapili moja tutakwenda kuangalia ndege za Jembe, na karanga nitanunua mimi. Ufukweni tutasubiri mwezi uandame ikiangukia Jumapili, Nahodha nitakutafuta humu nikuulize saa. Jumatano tumeanza jana: mkeka uani, maharage, mbu wengi. Mama watoto alifika tumeshaanza kula, akavua viatu akakaa hapo hapo na sare ya kazini. Binti kanidai hadithi, nikakwama baada ya "hapo zamani za kale", akanisaidia mwenyewe.

Mama Watatu, maswali mawili tu. Mbu mnawafanyaje? Na pantoni, nikae juu na watoto au chini kwenye magari?

Mama Watatu wa Kigamboni

Mbu: watoto nguo za mikono mirefu na suruali, feni kama umeme upo, ielekeze mkekani, mbu hawezi kuruka vizuri kwenye upepo. Kuleni mapema kabla hawajaamka vizuri, na chandarua usiku hakina mjadala.

Pantoni: juu. Chini magari yanawasha injini kabla haijatia nanga vizuri, na dume lako linakimbia. Pandeni ngazi mapema, dume mgongoni kwa mama, binti mkono wako. Kaeni upande wa baharini, muone meli kubwa zikiingia bandarini. Mkishafika msikimbilie kushuka na umati, acheni watu wapite kwanza. Ukiniona na sare nyeupe nimesinzia kwenye benchi, usiniamshe.